Stoo za kupangisha Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia sakafu mpaka mteja aliyepotea na funguo

Napokea meseji nyingi za watu waliofungua stoo za kupangisha wakakwama, na ukiwasikiliza wote wanakwama sehemu zilezile mbili. Masika yanaingia, vitu vya wateja vinaota ukungu. Alafu kuna mteja kalipa miezi miwili kapotea, simu haipatikani, chumba kimejaa makochi na mwenye stoo hajui afanye nini. Mwingine anavunja kufuli anauza vitu, mwezi unaofuata anaitwa polisi.

Kwa hiyo hizo sehemu mbili nitakaa nazo sana, hatua nyingine tutapita haraka.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza. Wewe unapangisha nafasi kavu yenye mlango, hutunzi mzigo wa mtu. Kufuli la mteja, funguo ya mteja, vitu anaingiza na kupanga mwenyewe. Siku utakayoshika funguo yake ukamwambia "we acha tu tutakuangalizia" umeshakuwa mtunza mali, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayetunza mali ya mwenzake aiangalie kama mtu makini anavyoangalia ya kwake. Kitu kikipotea anayeulizwa ni wewe. Karibu kila nitakachosema huko chini kinatokana na hapo.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Godauni, au kiwanja chenye njia ya kupita Canter mpaka mlangoni. Kama gari linaishia barabarani na mzigo unabebwa mabegani mita 80, wateja hawarudi.
- Pesa ya kuendesha miezi 6 bila kutegemea mteja hata mmoja.
- Jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya manispaa.
- Mkataba uliosomwa na wakili. Wa kuokota mtandaoni ukabadilisha jina, hapana.
- Paleti za kutosha kila chumba, na nailoni nzito ya fundi.
- Kipima unyevu, kile kidogo cha kuning'iniza ukutani kinachoonyesha asilimia. Bei yake ni ndogo kuliko kufuli zuri.
- Mitungi ya kuzimia moto, taa za LED, kamera za geti na korido, na betri ya kushikilia kamera umeme ukikatika.
- Daftari la geti. Ndio, la karatasi, hata kama una kompyuta.

Hatua ya 1: Chagua eneo kwa kuuliza maji yanapita wapi

Watu wanaanza na bei ya pango. We anza na maji, maana godauni la bei ya chini bonde la Msimbazi au karibu na mtaro mkubwa lina sababu ya kuwa bei ya chini.

Nenda eneo lenyewe ukaongee na bodaboda wa kijiweni na mama ntilie wa hapo nje, usimuulize mwenye jengo. Waulize mwaka jana masika maji yalifika wapi. Wao watakuonyesha kwa mkono, "yalifika hapa kwenye hiki kizingiti". Alafu ingia ndani uangalie kuta kwa chini. Ukiona mstari wa matope uliokauka, au rangi imepigwa upya nusu mita tu kutoka sakafuni wakati huku juu imezeeka, ondoka. Hiyo rangi mpya inaficha kitu.

Angalia pia mteja wako anatokea wapi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anataka stoo anayoweza kufika na kirikuu (ile pikapu ndogo) asubuhi akachukua mzigo na kurudi kabla ya foleni, kwa hiyo Buguruni, Tabata, Temeke kunamfaa. Anayehifadhi vyombo vya nyumba mwaka mzima atafika mara mbili tu, huyo hata Mbagala ndani au Kibamba anaenda ili mradi bei ni nzuri na pana ulinzi.

Hatua hii imeisha vizuri kama watu watatu wa mtaani, wasiofahamiana na mwenye jengo, wamekwambia kitu kimoja kuhusu maji.

Hatua ya 2: Pima sakafu na paa kabla ya kulipa hata shilingi

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na mimi nilianguka hapahapa. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja alileta kitanda, godoro na cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama yake. Godoro tuliliweka sakafuni juu ya boksi zilizokunjuliwa. Mwezi wa tano alipokuja kuchukua tukaliinua, chini yake lile boksi limekuwa uji, na godoro lina madoa meusi upande mzima kama limenyunyiziwa wino. Paa halikuvuja hata tone. Maji yalitoka chini. Godoro nililipa, na ile mbao ya cherehani iliyovimba hakuna pesa niliyompa ikatosha, nalikumbuka mpaka leo.

Jamvi, yaani zege la sakafu, lililomwagwa bila nailoni chini yake linanyonya maji ya ardhini na kuyapandisha taratibu, juu unaona pakavu kwa sababu hewa inayakausha. Ukiweka kitu juu, yale maji yanakosa pa kwenda.

Jaribio ni rahisi. Kata nailoni inayoonyesha, kama nusu mita kwa nusu mita, ilaze sakafuni, funga pande zote nne kwa selotepu pana mpaka hewa isipite. Fanya sehemu 3 au 4, hasa kwenye kona na karibu na ukuta wa nje. Iache usiku na mchana. Ukirudi ukakuta matone upande wa chini wa nailoni, au sakafu imegeuka rangi ikawa nyeusi kidogo, hiyo sakafu inapandisha maji.

Je uache godauni? Sio lazima. Ukiweza kukubaliana na mwenye jengo amwage tabaka jipya juu ya nailoni nzito na gharama ikatwe kwenye pango, sawa. Akikataa, tafuta lingine. Paleti peke yake haitibu sakafu inayotoa maji, inakupa tu muda.

Paa nalo: ingia saa 6 mchana, funga milango, zima taa, simama katikati uangalie juu dakika mbili mpaka macho yazoee. Kila nyota unayoiona ni tundu la msumari. Zihesabu, piga picha, mwambie mwenye jengo azibe ndio mwandikishane. Ukipata nafasi ya kulikagua siku ya mvua, hiyo ni bora kuliko yote.

Kwenye unyevu wa hewa, lenga kipimo kisome chini ya asilimia 65. Dar si rahisi, hewa yenyewe ya pwani ni nzito, kwa hiyo usidhani kufungua madirisha muda wote ndio dawa. Usiku na siku za mvua ukifungua unaingiza unyevu. Fungua mchana jua likiwaka, funga jioni. Mpe mlinzi hiyo kazi kwa saa maalumu, iandikwe ukutani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ukiwa na mshindani wako halisi kichwani

Mshindani wako Dar sio stoo nyingine. Ni chumba kimoja cha kupanga. Mtu anaweza kukodi chumba uswahilini akajazia vitu vyake akafunga, na mara nyingi bei itakuwa chini ya yako. Unamshinda kwa vitu viwili: mwenye nyumba anataka miezi 6 au mwaka mzima mkononi, wewe unapokea mwezi kwa mwezi. Na chumba kile hakina mlinzi.

Tuchukue mfano, namba za kwako utaweka mwenyewe. Tuseme una godauni la mita za mraba 200, pango 800,000 kwa mwezi. Walinzi 500,000, umeme 60,000, intaneti ya kamera 40,000, usafi na dawa za wadudu 50,000, matengenezo madogo 50,000. Jumla 1,500,000, na hapo hujajilipa wewe wala hujarudisha pesa ya kujenga vyumba.

Sasa sio mita 200 zote utapangisha. Korido, mapokezi na sehemu ya kushushia mzigo vinakula, ubaki na kama 120. Ikijaa asilimia 70 una mita 84 zinazolipa, gawanya, kila mita inatakiwa ilete karibu 18,000 ili usidaiwe tu. Chumba cha mita 4 ni 72,000. Lakini miezi ya mwanzo itajaa labda asilimia 40, hapo kila mita inatakiwa ilete zaidi ya 31,000, bei ambayo hakuna atakayekulipa. Lile pengo ndilo linaua biashara mwezi wa nne, na ndio maana nikasema pesa ya miezi 6, kwa mfano huu milioni 9, iwe pembeni haiguswi.

Kinachookoa hesabu ni vyumba vidogo. Kabati la mita 1 kwa 1.2, moja juu ya jingine, kila moja likikodishwa 35,000, ile sehemu moja ya sakafu inakuletea 70,000. Chumba cha mita 4 ukikipangisha 100,000, kila mita inaleta 25,000 tu. Na wanaotaka kabati ni wengi, wadada wanaouza nguo Instagram, wanafunzi wa chuo kipindi cha likizo ndefu, ofisi zenye mafaili. Hao wa ofisi nawapenda, sheria ya kodi inawataka watunze kumbukumbu miaka 5, kwa hiyo wanakaa na hawasumbui.

Ukikodi jengo kwa ajili ya biashara kumbuka pia kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango unaikata wewe mpangaji unaipeleka TRA. Mkubaliane mapema na mwenye jengo hiyo asilimia iko ndani ya bei au juu yake, maana ugomvi wake unakuja baadaye.

Hatua ya 4: Makaratasi

Haya yanakwenda haraka siku hizi. Jina BRELA mtandaoni, TIN bure TRA, leseni unaomba kupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kwa manispaa yako. Zimamoto waite wakague mapema kabla hujajenga vyumba, sio baada, watakwambia njia ya kutokea iwe wapi na utaokoa gharama ya kubomoa.

Moja ambayo watu hawaijui: ukikusanya namba za NIDA, picha za vitambulisho na video za kamera, unashughulika na taarifa binafsi za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake ya kujisajili. Nakala za vitambulisho zisizagae kwenye simu ya mlinzi.

Hatua ya 5: Gawa vyumba

Korido iwe na upana wa mita 1.5, watu wawili na friji wapishane. Mlango wa chumba sentimita 90, chini ya hapo kochi linakwama na mteja anakwaruza ukuta wako.

Kuta za ndani zisifike juu kabisa, acha nafasi ya hewa juu lakini izibe kwa wavu wa chuma uliochomelewa. Ukiacha wazi, mpangaji wa chumba namba 7 anapanda juu ya makochi yake anaingia namba 8, na kamera ya korido haitaona kitu. Nimeona hili likitokea kwa mwenzangu, wizi ulifanywa na mteja mwenyewe.

Usiweke soketi ndani ya vyumba. Kabisa. Taa za korido zinatosha kumulika ndani kupitia ule wavu. Ukiweka soketi mtu atachaji betri humo, atapiga pasi, atafungua ofisi.

Kila mlango uwe na namba ya rangi na sehemu mbili za kupachika kufuli. Ya kwanza ya mteja, ya pili ya kwako. Kazi ya hiyo ya pili tutaiona hatua ya 10.

Ukimaliza, zima taa za korido usiku, ingia kila chumba ujifungie na mtu akumulikie kwa tochi kutoka nje. Panapopita mwanga mkubwa kuliko kidole, panya anapita.

Hatua ya 6: Kama unatumia makontena

Makontena ni mazuri kwa mwenye kiwanja chake. La futi 20 kwa ndani ni kama mita 5.9 kwa 2.35, fundi wa kuchomelea anaweza kuligawa vyumba 3 vyenye milango ya ubavuni, kila kimoja mita za mraba 4.6 hivi.

Tatizo ni jasho. Mchana bati linachemka, hewa ya ndani inabeba unyevu wote, usiku bati linapoa na ule unyevu unaganda juu ya dari kama matone kwenye chupa ya soda baridi, alafu unadondokea vitu. Mteja atakwambia kontena linavuja na wewe utaapa halivuji, mko sahihi wote.

Fanya vitu vitatu kwa pamoja, kimoja peke yake hakitoshi. Jenga paa la bati juu ya kontena ukiacha nafasi kama nusu mita hewa ipite. Toboa matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili, yafunike kwa wavu. Na liinue juu ya matofali sentimita 20 au zaidi, usililaze ardhini.

Kabla ya kupangisha, liache tupu wiki moja, uingie saa 12 asubuhi upapase dari kwa kiganja. Kiganja kikitoka kikavu siku zote saba, pangisha.

Hatua ya 7: Ulinzi na moto

Mlinzi mmoja usiku ni sawa na hakuna, maana atalala. Wawili, na daftari la geti linaandikwa jina, namba ya chumba, namba ya gari, saa ya kuingia na kutoka. Saa za wateja ziwe saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, anayetaka usiku atoe taarifa siku moja kabla. Wezi wengi wa stoo wanaingia na gari lenye mzigo wa kuzugia, kwa hiyo gari linalotoka na mzigo lazima mwenye mkataba awepo au apige simu kwa namba iliyo kwenye mkataba, sio namba nyingine.

Kamera zihifadhi siku 30. Mteja anagundua kuibiwa akija, na haji kila wiki.

Mitungi ya unga ya kilo 6 iwekwe korido, mtu akisimama popote asitembee zaidi ya mita 20 kuufikia. Mlinzi awe ameshawahi kuushika na kuvuta ile pini, na namba ya Zimamoto, 114, iandikwe kubwa ukutani. Bima ya moto na wizi kata kwa ajili ya jengo lako, na mteja mwambie wazi kwa maandishi kwamba bima yako haihusu vitu vyake, akitaka akate ya kwake.

Hatua ya 8: Mkataba

Usiwe mrefu, kurasa 2 au 3 za Kiswahili ambacho mteja anakielewa akisoma mwenyewe. Lakini haya yasikosekane:

Jina, namba ya NIDA, na watu wa karibu WAWILI wenye namba za simu tofauti na wasiokaa nyumba moja na mteja. Wapigie palepale mteja akiwa amekaa mbele yako. Hii dakika tano ndiyo itakayokuokoa hatua ya 10, naomba usiipuuze.

Kwamba anapangishwa nafasi, funguo anakaa nayo yeye, na wewe hujui kilichomo zaidi ya orodha aliyoijaza.

Depoziti ya mwezi mmoja, tarehe ya kulipa, na ratiba ya nini kinatokea asipolipa, siku kwa siku.

Ruhusa ya kuweka kufuli lako la pili akidaiwa, na ya kufungua chumba kwa dharura (moto, maji, harufu) mbele ya shahidi wa serikali ya mtaa huku mkirekodi video.

Vitu marufuku: mitungi ya gesi, petroli, thinner na rangi, baruti, silaha, vitu vya kuoza, nafaka, wanyama, mirungi na dawa za kulevya, nyara za serikali, mali ya wizi. Nafaka watu wanabisha sana. Gunia moja la mahindi linaleta panya na fukusi kwenye vyumba 20 vya watu wasio na kosa. Na kuhusu mali ya wizi, kuipokea ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa hiyo mtu akileta runinga 14 bila boksi na hataki kuandika orodha, mrudishe. Usimwonee aibu.

Hatua ya 9: Siku ya kupokea mzigo

Mteja anaingiza mwenyewe ila wewe simamia, maana hajui. Weka paleti kwanza, alafu nafasi ya kiganja kati ya mzigo na ukuta.

Friji iwe imezimwa na kukaushwa tangu jana, mlango ukae wazi kidogo kwa kufungia kitambaa, ukifungwa kabisa ndani kunaota ukungu na harufu haitoki tena. Mashine ya kufulia imwagwe maji yote ya bomba la chini. Jenereta na pikipiki, tenki tupu na betri imechomolewa, hakuna mjadala. Godoro lisimame kwa ubavu juu ya paleti, lifunikwe shuka na sio nailoni ya kubana. Vitabu na nguo kwenye maboksi yasiyojazwa mpaka yavimbe.

Piga picha chumba kikiwa kitupu, kikiwa kimejaa mlango wazi, na mlango umefungwa kufuli linaonekana. Picha tatu. Zitume WhatsApp kwa mteja palepale, ziwe na tarehe kwako na kwake. Malipo yapite lipa namba ya biashara na risiti itoke, usipokee keshi mkononi kwa mlinzi.

Mteja akiondoka na funguo yake mfukoni, na wewe huna nakala, umefanya sawa.

Hatua ya 10: Mteja asiyelipa

Tulia. Usivunje kufuli.

Siku ya 1 ya kuchelewa tuma ujumbe wa kawaida wa kukumbusha, wengi wanalipa hapa, walikuwa wamesahau tu. Siku ya 5 piga simu wewe mwenyewe, usimtume mlinzi. Siku ya 10 weka kufuli lako la pili kama mkataba unavyosema, piga picha umtumie. Kufuli la pili halichukui mali ya mtu, linamleta ofisini muongee.

Siku ya 15 wapigie wale watu wa karibu. Usiwatangazie deni, sema tu unamtafuta fulani kuhusu vitu vyake. Siku ya 30 andika barua ya notisi, nakala serikali ya mtaa, ipelekwe anapoishi na mtu asaini kupokea.

Bado kimya? Nenda mahakamani. Madeni ya kiasi hiki Mahakama ya Mwanzo inayapokea na huhitaji wakili. Ukishinda, mali inauzwa kwa amri ya mahakama kupitia dalali wake. Ukiuza mwenyewe, hata kama mkataba umeandika utauza, unajiweka kwenye kesi ambayo thamani ya vitu ataitaja yeye.

Niliwahi kuwa na chumba cha miezi saba hakilipwi. Nilikuwa nimechoka, kuna mtu ananipa bei nzuri ya friji na makochi. Tulipofungua kwa kibali, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, nyuma ya kabati kulikuwa na begi la mgongoni, ndani bahasha ya kaki: vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha ualimu, picha ya harusi. Nikafunga. Mtu wa karibu wa pili, shangazi yake Tanga ambaye simu yake ilikuwa imebadilika, tulimpata kwa kupitia mjumbe wa zamani wa mteja. Kumbe mteja alipata ajali ya basi, alikuwa kitandani muda wote ule. Tulikubaliana alipe kidogokidogo, akamaliza kwa miezi minne, na vitu vyake akachukua vyote.

Kwa hiyo miezi miwili mitatu ya hasara, zaidi ya ile depoziti, ihesabu kwenye bei yako tangu mwanzo. Weka kando asilimia 5 ya mapato kila mwezi kwa ajili ya watu wa namna hii, utaamua ukiwa na akili iliyotulia.

Hatua ya 11: Wateja wanatoka wapi

Madereva wa Canter na kirikuu ndio tangazo lako la kwanza, wao wanajua nani anahama kabla ya mtu yeyote. Wape kadi na kamisheni ya mteja akilipa mwezi wa kwanza, na ilipe siku hiyohiyo. Madalali wa nyumba nao hivyohivyo. Weka eneo lako kwenye ramani ya Google na picha halisi za korido. Wanaorudi kutoka Oman au Uingereza mara nyingi wanatafuta wakiwa bado huko, kontena lao linafika bandarini kabla nyumba haijaisha, wajibu WhatsApp kwa video ya chumba chenyewe na kile kipima unyevu kikionekana ukutani.

Hatua ya 12: Mteja akitoka

Atoe taarifa wiki mbili kabla. Siku yenyewe asaini kwamba amechukua vyote, piga picha chumba kitupu, rudisha depoziti ndani ya siku tatu, ukiizungusha hatakuletea ndugu zake.

Chumba usikipangishe kesho yake. Fagia, toa paleti nje zipigwe jua, angalia kama mbao zimeanza kuliwa na mchwa, puliza dawa, acha wazi mchana siku mbili. Alafu laza tena ile nailoni nusu mita kwenye kona ya nyuma, ifunge selotepu pande nne, uiache usiku na mchana ndio umwite mteja mwingine aje kuangalia.